Soksi ya mguu wa kushoto

Nianze na soksi, maana ndo iliyonimaliza. Asubuhi moja nimekaa ukingoni mwa kitanda nataka kuvaa soksi ya mguu wa kushoto, ya kulia nimeshavaa vizuri tu, nikainama, na mahali fulani juu kidogo ya makalio pakakaza kama vile mtu kakamata kamba akavuta. Nikabaki pale nimeinama nusu, soksi mkononi, mbele siendi, nyuma sirudi, napumua kwa vipande vipande. Mke wangu akaingia akanikuta hivyo akauliza, "We baba, unasali?" Nikamwambia nivalishe soksi. Akacheka, af akaniangalia vizuri akaacha kucheka, akapiga magoti akanivalisha kama anavyomvalisha mtoto wetu wa mwisho.

Nilikuwa na miaka 36. Sijaanguka, sijabeba gunia, sijapata ajali ya aina yoyote. Kazi yangu ni hesabu, yaani nakaa. Ukiniuliza nafanya nini kutwa nzima jibu la kweli ni hilo, nakaa naangalia skrini, naingiza namba, nahamisha namba, naandika imeili kuulizia namba iliyopotea, na mwisho wa mwezi tukifunga hesabu nakaa zaidi. Watu wa kazi za nguvu wakikusikia unalalamika mgongo kwa sababu ya kukaa wanaona unadeka, na mimi mwenyewe nilijiona nadeka, kwa hiyo nikanyamaza nayo karibu mwaka mzima. Kumbe mwenzenu niko kwenye foleni ndefu tu. Shirika la Afya Duniani wanasema mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na ikifika 2050 wanakadiria watafika milioni 843. Sio wote wa maofisini, ila aisee, milioni 619 na mimi naona aibu kusema.

Niwaelezee yanavyokuwa, kwa ambao hawajafika huku. Asubuhi kiuno kimekakamaa, nusu saa ya kwanza unatembea kama mzee, kikipata moto kinaachia. Unafika kazini uko safi, unajiambia leo nimepona. Saa nne hivi kinaanza kitu chini ya mkanda wa suruali, sio maumivu bado, ni kama mtu kaweka kidole pale hataki kukitoa. Saa sita kidole kimekuwa ngumi. Saa nane mchana moto unashuka kwenye kalio la kushoto mpaka nyuma ya paja, na huku bega la kulia la upande wa mausi limepanda limekaribia sikio na we hujui, unakuja kugundua mtu akikugusa. Jioni unanyanyuka kwa awamu: mikono kwanza kwenye meza, af makalio yanabanduka kwenye kiti, af unasimama umekunjika hivyohivyo unasubiri mgongo ukukute. Kuna kaka mmoja meza zetu zinaangaliana alikuwa ananihesabia kwa sauti, moja, mbili, tatu, akiona nimenyooka anapiga makofi. Ofisi nzima inacheka na mimi nacheka.

Baada ya siku ya soksi nikaanza kununua. Huo ndo ugonjwa wa pili ambao haupo kwenye vitabu. Nilinunua mto wa kukalia wenye tundu katikati eti kifupa cha mkia kipumue, nikanunua mto mwingine wa kiunoni, nikanunua mkanda mpana wa kujifunga tumboni nikawa nimekaa ndani ya shati kama mtungi, nikanunua kile kidude cha kubandika mgongoni kinachotetemeka ukijikunja. Hicho cha mwisho kilikuwa kinatetemeka katikati ya vikao na watu wanatafuta simu zao. Nikaleta mpaka mpira mkubwa wa mazoezi nikaukalia badala ya kiti, siku tatu, ya tatu ukaniteleza wakati naokota kalamu nikaenda nao mpaka kwenye kabati la mafaili. Mpira ukarudi nyumbani kwa watoto.

Na kiti! Kiti nilikisoma miezi mitatu, nilijua viti kuliko wauzaji, nikanunua cha hela nyingi kwa mfuko wangu mwenyewe maana ofisi walisema hawana bajeti ya viti. Kizuri kwa kweli, kina kuinuka, kina kulala, mikono yake inakuja mbele na nyuma. Nikapata nafuu wiki mbili. Af maumivu yakarudi yakakaa palepale, tena kwa raha, kwenye kiti cha maana.

Hii ya mkanda nilikuja kuisoma baadaye sana, kwamba Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani walitoa mwongozo wao wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini, na mikanda ya kiunoni ni mojawapo ya vitu wanavyosema visiwe tiba ya kawaida, na kuvutwa mgongo kwa mashine vilevile. Wanachokubali ni mazoezi, kuelimishwa, kukandwa, msaada wa kisaikolojia, na dawa zile za kupunguza uvimbe na maumivu. Mimi nilikuwa nimeshaumiliki mkanda mwaka na nusu. Sasa hivi unafungia godoro la wageni.

Dawa nazo nisiziruke. Nilikuwa nameza hizi za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki kama mtu anayelipa ushuru, kila siku ya kazi, moja asubuhi moja mchana, bila mtu kuniandikia, miezi. Zinasaidia ndio, na hapo ndo kwenye mtego, maana ukishaona zinasaidia unakaa saa tano mfululizo bila kusikia kitu na jioni unalipia zote pamoja. Kilichonisimamisha ni tumbo, chembe ya moyo ikawa inaunguza usiku mpaka nakaa kitandani. Daktari akaniuliza umemeza kwa muda gani, nikamwambia, akaweka kalamu chini. Zinachubua tumbo hizo na figo zinaziumiza, hasa ukizifanya za kila siku. Sisemi mtu asimeze, nasema usijiandikie mwenyewe kama nilivyojiandikia mimi.

Ila kama kuna kitu kiliniuma kuliko mgongo wenyewe ni mtoto. Huyu wa mwisho alikuwa ana miaka minne na ni mtu wa kubebwa, nikirudi tu anakuja mbio mikono juu. Nikawa namwambia baba mgongo unauma, kesho, kesho. Siku moja nimeingia, kaja mbio kama kawaida, kanyanyua mikono, af akaishusha mwenyewe kabla sijasema neno. "Baba mgongo," akasema, akaenda zake kucheza. Wala hakuwa amekasirika. Alikuwa amezoea tu. Nilikaa kwenye gari lake la plastiki pale kibarazani sijui muda gani, af sikuweza kunyanyuka, lile gari ni fupi mno.

Basi nikaenda kupiga ile picha ya MRI, ya mashine inayoonyesha mgongo kwa ndani. Majibu yakaja yameandikwa kwa maneno ambayo hakuna binadamu anastahili kuyasoma peke yake usiku: diski, yaani kile kitakio laini kati ya mfupa na mfupa wa mgongo, ya pingili ya nne na ya tano kiunoni imechakaa, imetokeza kidogo, imekauka. Nikaingia intaneti, kosa kubwa. Kufika saa saba usiku nimeshajiona kwenye kiti cha magurudumu. Wiki mbili zilizofuata nilitembea kama mtu aliyebeba kioo kikubwa peke yake, siinami, sigeuki, kitu kikianguka nakiacha chini. Na maumivu yakaongezeka maradufu! Diski ileile, mgongo uleule wa siku moja kabla ya majibu. Hapo ningejiuliza lakini sikujiuliza.

Aliyeniuliza ni dada wa fizio, yaani wale wanaotibu viungo na misuli kwa mazoezi. Nilimwendea nimebeba ile bahasha kubwa ya picha kama ushahidi mahakamani, nikaiweka mezani kwake, akaisogeza pembeni bila kuifungua. Nikakasirika kidogo. Akasema, kaka, nitaiangalia, ila kwanza nikwambie kitu. Akaniambia kuna wataalamu walikusanya tafiti za picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 ambao hawaumwi chochote, wazima kabisa, matokeo yakatoka 2015. Wenye miaka 20 tu, asilimia 37 diski zao zilikuwa zimeshaanza kuchakaa. Wenye miaka 40, asilimia 68 zimechakaa, na nusu ya watu wa umri huo zimetokeza. Wenye miaka 80 karibu wote. Na hao hawaumwi! Akasema mvi zako umeshaanza kuziona hapa pembeni, nikasema ndio, akasema zinauma? Basi na ndani kuna mvi.

Sio kwamba diski haiwezi kuuma, alinisisitizia hilo, inaweza, na ikibana neva mguu unaweza kupata ganzi au kuishiwa nguvu na hiyo ni kesi nyingine. Ila ile yangu ya kutokeza kidogo isiyobana kitu haikuwa inatosha kueleza miaka miwili ya mateso.

Af akaniambia nimuonyeshe ninavyokaa. Nikakaa wima kama askari wa gwaride, kifua mbele, mabega nyuma, maana nimesoma mimi, najua nyuzi 90 za goti na nyuzi 90 za kiwiko. Akasema safi, kaa hivyohivyo tunaongea. Akaanza kuniuliza habari za kazi, za watoto, za usingizi. Hata dakika nne hazikufika akaninyooshea kalamu. Nilikuwa nimeshateleza, mgongo umepinda kama ndoano, mguu mmoja nimeukalia. Sikumbuki nilivyofika huko. Akauliza, "Leo kabla hujaja hapa ulinyanyuka saa ngapi?" Nikafikiria. Nimekaa saa mbili na nusu asubuhi, nimenyanyuka saa saba kasoro kuja kwake. Chooni je? Sikwenda. Maji? Ninayo pale pale mezani, chupa ya lita mbili, nilikuwa najivunia hiyo chupa. Akaandika kitu.

Nilichotoka nacho kwake siku ile, kwa maneno yangu mimi mtu wa hesabu, ni hiki. Uti wa mgongo una pingili 24 zinazocheza, saba za shingo, 12 za kifua, tano za kiuno, na katikati yake diski. Diski ya mtu mzima karibu yote haina mishipa ya damu. Inakula vipi? Inategemea maji na virutubisho vinavyopenyeza kutoka pembeni, na mwendo unasaidia, inabanwa inaachiwa, inabanwa inaachiwa, kama sponji la kuoshea vyombo. Ndo maana asubuhi mtu anakuwa mrefu kidogo kuliko jioni, usiku sponji zimenyonya. Sasa we unaikalia saa nne bila kuiachia. Misuli nayo vilevile, haichoki kwa kubeba tu, inachoka kwa kushikilia, jaribu kunyoosha mkono mtupu mbele yako dakika tano uone. Bega langu la mausi lilikuwa linashikilia mkono kutwa nzima halipumzishwi hata nukta.

Kwa hiyo tatizo halikuwa nimekaa vibaya, nilikuwa nimekaa TU. Hata vizuri vingeniuma.

Hili lilinishinda kulikubali, miezi mingi nimekesha natafuta mkao sahihi, unaniambia haupo? Nikaenda kuchimba. Miaka ya 1960 kuna daktari wa Sweden, Alf Nachemson, alikuwa anapima presha ndani ya diski za watu kwa sindano, na vipimo vyake ndo viliwafanya watu waamini kwamba kukaa kunaibana diski kuliko kusimama, ule mchoro wake bado unazunguka mpaka leo. Af mwaka 1999 Wajerumani wa Ulm, wakina Wilke, wakamwekea mtu mmoja wa kujitolea mwenye miaka 45 kipimo ndani ya diski, tena ileile ya nne na ya tano, akaishi nacho siku nzima, akakaa, akatembea, akalala nacho. Akiwa amesimama presha ilikuwa 0.5 za megapaskali hivi, amekaa wima bila kuegemea kama hiyohiyo, na amejimwaga kwenye kiti kihuni 0.3. Yaani kujimwaga kulikuwa kwepesi kuliko kusimama! Mtu mmoja tu lakini, msiende kuapa nayo. Ila mimi ilinitosha kuacha kukaa kama askari.

Kuhusu maumivu kuwa sugu, wanahesabu kuanzia miezi mitatu. Yakishapita hapo mambo yanabadilika kidogo, mfumo wenyewe wa kutoa taarifa unakuwa mwepesi kupiga kelele. Ni kama ile alamu ya gari la jirani, mwanzo ilikuwa inalia mwizi akigusa mlango, siku hizi paka akipita inalia. Alamu ni ya kweli, kelele ni za kweli, hulali kweli, lakini mwizi hayupo. Hiyo haimaanishi maumivu ni ya kichwani mwako, na mtu akikwambia hivyo mkatalie. Inamaanisha kuuma na kuharibika ni vitu viwili. Kabla ya kuelewa hili kila nikiumwa nilikuwa nasikia pingili zikisagika. Kwa kweli nilikuwa nazisikia.

Sasa nikafanya nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo, nikafungua Excel. Siku 60. Safu ya kwanza saa nilizolala, ya pili jumla ya saa nilizokaa, ya tatu kipande kirefu kuliko vyote nilichokaa bila kunyanyuka hata mara moja, ya nne maumivu ya jioni kuanzia sifuri mpaka kumi. Nilitegemea safu ya pili ndo itafuatana na maumivu. Haikufuatana sana, maana nakaa karibu sawa kila siku, saa nane tisa. Iliyofuatana ilikuwa ya tatu. Siku ambayo kipande kirefu ni dakika 50, jioni niko kwenye tatu, nne. Siku ya saa tatu mfululizo niko saba, nane. Na ya kwanza, usingizi, hiyo ilinishangaza zaidi, usiku wa saa tano kesho yake hata nikinyanyuka kama jogoo bado sita. Kwenye kufunga mwezi vyote vinakutana, silali, sinyanyuki, bosi anapiga simu. Kiti hakikuonekana popote kwenye hesabu, wiki mbili za mwisho nilirudia kiti cha zamani cha ofisi makusudi kuangalia, hakuna tofauti ya kueleweka. Iliniuma kidogo hiyo, ukikumbuka hela.

Ni mgongo mmoja na siku 60, sio utafiti. Ila hesabu zangu ni zangu.

Kwa hiyo chupa ya lita mbili ikaondoka mezani, nikaweka kikombe kidogo. Kikiisha nanyanyuka kwenda kujaza, na ukinywa sana mwili wenyewe unakunyanyua kwa njia nyingine. Alamu za simu nilijaribu nikazishindwa, ikilia unaizima bila kuangalia, wiki moja tu kidole kinaizima chenyewe, lakini kiu na mkojo hauvizimi. Pochi ikatoka mfuko wa nyuma wa kushoto, nilikuwa naikalia hapo tangu niko chuo, nene imejaa risiti za mwaka juzi, na nikumbushe tu moto ulikuwa unashuka kalio lipi. La kushoto. Dada wa fizio aliponiambia niitoe niliitoa nikaiangalia imepinda umbo la kalio. Simu nikawa napokea nimesimama. Printa nikaomba niwekewe ile ya mwisho kule koridoni, watu wakadhani nimeadhibiwa. Laptopu nikaiinua juu ya maboksi mawili ya karatasi skrini ifike usawa wa macho, kibodi ya pembeni chini, maana kichwa ni kilo nne tano hivi na nilikuwa nimekining'iniza mbele ya mabega kutwa.

Kuna kipimo cha profesa Alan Hedge wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, kwamba kwenye kila nusu saa ukae dakika 20, usimame nane, utembee mbili. Ni kizuri, sikiwezi. Nani anafunga hesabu hivyo. Mimi nikifika dakika 40 nanyanyuka nashukuru.

Na meza ya kusimamia nayo isiwadanganye. Ofisi walileta moja ya majaribio, nikaing'ang'ania, siku ya kwanza nikasimama kutwa nzima kama mlinzi, nikasema dawa imepatikana. Siku ya tatu visigino vinawaka, magoti, vifundo vimevimba, na mgongo uleule. Kusimama bila kusogea ni kukaa kwa miguu. Na haya mateso ya kazi za mezani sio ya leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1700 kuna daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alikuwa anazunguka kuangalia watu kwenye kazi zao, na 1713 aliandika kuhusu makarani wa kalamu na wino kwamba kinachowaumiza ni vitu vitatu, kukaa muda wote, mkono kurudia mwendo uleule, na akili kukazana wasikosee hesabu. 1713! Bila kompyuta. Nilivyosoma hiyo ya tatu nikasema huyu mzee alikaa ofisini kwetu.

Mazoezi sina maajabu ya kuwapa. Nilianza kutembea dakika kumi jioni, nikichoka nageuka. Kuchuchumaa na kunyanyuka mbele ya kiti, mara tano. Daraja, yaani unalala chali unakunja magoti unanyanyua kiuno, mke wangu alipoiona mara ya kwanza akafunga mlango. Wiki tatu za kwanza niliumwa zaidi, lazima niseme ukweli, na hapo ndo wengi wanaacha. Dada alikuwa ameshaniambia: ukiumwa zaidi kidogo na kesho yake ikarudi ilipokuwa, endelea, ikikaa juu siku mbili tatu punguza usiache. Af akanianzishia kubeba. Mimi, kubeba! Ndoo ya lita tano kutoka chini mpaka mezani, wiki kadhaa, af ya lita kumi. Mgongo wenyewe uinamie kitu kizito polepole mpaka alamu izoee kwamba ni paka.

Mtoto nilimuuliza mimi. Alikuwa kilo 16, nilimpima makusudi, ndoo nilikuwa nimefika lita 15. Nikamwambia njoo. Akaniangalia kwa mashaka, "Baba mgongo?" Nikamwambia njoo tu. Nikachuchumaa, nikamkumbatia, nikanyanyuka naye, na pale juu kidogo ya makalio pakakaza kama kawaida yake, nikangoja, pakaachia. Akanishika masikio yote mawili. Mzito aisee, lita 15 na kilo 16 ni vitu tofauti kabisa, ndoo haipigi mateke.

Nisije nikamfanya mtu akajitibu kwa kusoma stori yangu. Kama mgongo unauma na sehemu unayokalia pale katikati ya mapaja pamekufa ganzi, au mkojo na choo vinakutoka bila habari au vimekataa kutoka, au mguu unaishiwa nguvu, hiyo sio ya kikombe kidogo, ni hospitali siku hiyohiyo, usiku huohuo. Na kama una homa, unakonda bila sababu, umewahi kuugua kansa, au yanauma usiku hata ukilala hayapoi, wahi ukaonwe.

Kupona sijapona. Watu wananiuliza hivyo kana kwamba ni malaria. Mwezi uliopita tumefunga hesabu, siku nne silali, nikarudia yaleyale, saa tatu, saa nne kwenye kiti, najua kabisa ninachofanya, na siku ya tano soksi ya kushoto ikanishinda tena. Tofauti ni kwamba sikukimbilia picha wala mkanda, na sikulala kitandani. Nikavaa viatu bila soksi nikaenda kazini, nikatembea koridoni kila baada ya muda, usiku nikalala saa tatu na nusu kama kuku, baada ya siku tatu ikashuka ikarudi kwenye tatu yangu ya kawaida. Zamani ingekula wiki tatu. Kwenye vikao nasimama ukutani, bosi zamani alikuwa ananiuliza una haraka unaondoka, siku hizi hata haulizi, na juzi nimemuona naye kasimama upande wa pili wa ukuta anajifanya anaangalia ubao.

Kuna kijana mpya kaja idara yetu, miaka 24, anakaa saa tano mfululizo na anajivunia. Juzi kaja mezani kwangu kashika kiuno, "Bro, ule mto wako wenye tundu ulinunua wapi?" Nikavuta droo nikampa, ulikuwa mle tangu zamani. Alifurahi sana. Nilitaka kumwambia yote haya nikaona hapana, hata mimi nisingesikia, ningetaka mto. Nikamwambia tu awe ananisaidia kupeleka makaratasi kwa watu wa malipo ghorofa ya pili, mara tatu nne kwa siku, maana mgongo wangu mbovu na ngazi zile peke yangu siziwezi. Anaenda kila siku, ananionea huruma.